Kukata Shauri Moyo Unapovuta Huku na Akili Kule: Mwongozo Kamili

Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu, alipokuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alipokea mgonjwa ambaye katika maandishi yake alimpa jina la Elliot. Mtu huyu alikuwa ametolewa uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho. Baada ya upasuaji, kumbukumbu yake ilikuwa nzima, alizungumza vizuri, na vipimo vya akili alivipita bila shida. Lakini kazini, akipewa nyaraka za kupanga, aliweza kumaliza alasiri nzima akijiuliza azipange kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa uzito wa jambo lililomo. Alipoteza kazi. Akaingia kwenye biashara zilizomfilisi. Ndoa yake ikavunjika, akaoa tena, nayo ikavunjika. Na alipomsimulia daktari wake mambo hayo yote, aliyasimulia kama mtu anayeeleza habari za mpita njia: hakuonyesha huzuni, hasira wala aibu.

Hapo ndipo Damasio alipotambua kilichopotea. Elliot aliweza kuorodhesha njia zote za kutenda na matokeo ya kila njia, ila hakuna hata moja iliyomgusa. Zote zilikuwa na uzito sawa kwake, na mtu ambaye kila kitu kina uzito sawa kwake hana namna ya kuchagua.

Namtaja Elliot mwanzoni kabisa kwa sababu wengi wetu tumelelewa na ushauri mmoja: weka hisia pembeni, tumia akili. Ushauri huo umewaumiza watu ninaowapenda. Umewafanya wapuuze woga uliokuwa na sababu na wakubali shingo upande mambo ambayo nafsi zao zilishayakataa. Upande wa pili, wapo walioambiwa wafuate mioyo yao, wakaifuata hadi kwenye shimo. Ninalokuomba ulibebe katika hatua zote zifuatazo ni swali hili: hisia niliyo nayo sasa inahusu jambo ninaloliamua, au imetoka kwingine?

Tutatembea na mfano mmoja. Mtu amepewa kazi katika mji wa mbali. Mshahara ni mkubwa zaidi, na cheo pia. Mama yake mzee atabaki nyuma. Kila akiifungua barua ya kazi hiyo, tumbo linamkaza, na hajui kwa nini.

Hatua ya 1: Jua kama ni lazima uamue leo

Aliyepandwa na hasira anahisi kwamba kila kitu ni cha sasa hivi. Aliyejawa na furaha naye vivyo hivyo. Mchumi George Loewenstein ameandika sana kuhusu pengo lililopo kati ya mtu aliyechemkwa na mtu yuleyule akiwa ametulia: ukiwa umetulia huwezi kukisia vizuri utakavyotenda ukichemkwa, na ukichemkwa unasahau kwamba utatulia.

Basi jiulize: nisipoamua leo, nini kitaharibika? Jibu kwa kutaja kitu halisi. Kama moshi umejaa chumbani, toka, usisome mwongozo. Kama hakuna kitu unachoweza kukitaja, una usiku mmoja mbele yako, na usiku mmoja ni mali. Anayekuhimiza utie sahihi kabla hujasoma, mwambie utamjibu kesho, kisha mwangalie anavyolipokea jibu hilo.

Kama lazima uandike, andika lakini usitume. Mimi niliwahi kuacha kazi kwa ujumbe mfupi wa simu, usiku, dakika kumi tu baada ya kugombezwa mbele ya wenzangu. Niliyoyalalamikia yalikuwa ya kweli, na hata leo naamini nilipaswa kuondoka. Lakini niliondoka bila kudai malipo niliyostahili na bila barua ya utumishi, nikahangaika muda mrefu kuvipata. Kulala usiku ule kusingebadili nia yangu. Kungebadili namna ya kuondoka.

Furaha nayo iwekewe ulinzi uleule. Ahadi kubwa nyingi zinazotuelemea zilitolewa siku tuliyokuwa tumefurahi.

Hatua ya 2: Iite hisia kwa jina lake

“Najisikia vibaya” haitoshi. Chukua karatasi, andika jina la hisia yenyewe, na kama ziko tatu, andika zote tatu.

Kuna sababu ya kimwili ya kufanya hivi. Katika utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, watu waliangalia picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo kwenye uso, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo ambayo huwa kama kengele ya hatari, ilipunguza kazi yake. Kutaja jina peke yake kulituliza.

Nasi tuna lugha yenye majina ya kutosha, ni uvivu tu wa kuyatumia. Wivu wa kuogopa kunyang'anywa kilicho chako si sawa na husuda ya kuumia kwa kilicho cha mwenzako. Aibu inahusu macho ya watu, kujilaumu kunahusu kosa lako hata kama hakuna aliyeliona. Mwenye aibu hutafuta pa kujificha, anayejilaumu hutafuta namna ya kurekebisha, kwa hiyo ukikosea jina utatafuta dawa isiyo yako. Hofu ina kitu chake unachoweza kukinyooshea kidole. Wasiwasi unazunguka tu. Hasira inawaka na kuzima. Kinyongo kinakaa. Na uchungu wa kuonewa ni kitu kingine tena, kwa sababu ndani yake kuna dai la haki ambalo huenda ni la kweli.

Tofauti hizi hubadili hata mahesabu. Mwaka 2001 Jennifer Lerner na Dacher Keltner walionyesha kwamba watu wenye hofu huona hatari kuwa kubwa, na watu wenye hasira huziona kuwa ndogo. Zote mbili ni hisia zisizopendeza, ila zinavuta pande mbili zinazopingana. Ndiyo maana mtu mwenye hasira huingia kwenye kesi au kwenye mradi wa kumkomoa mshindani wake akijiona jasiri. Ujasiri huo ni wa kuazima, na hasira itaudai urudi.

Turudi kwa mtu wetu wa barua. Alipokaa na kuandika, aliyaona mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa fundo moja tumboni. La kwanza ni hofu ya kushindwa kazi mpya. La pili ni kujilaumu kwa kumwacha mama, kosa ambalo bado hajalitenda. Kabla ya hapo alikuwa akijiambia tu kwamba “kazi hii haina heri”.

Hatua ya 3: Fuata ilikotoka

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Norbert Schwarz na Gerald Clore walichapisha mwaka 1983 matokeo ya mahojiano ya simu waliyofanya siku za jua na siku za mvua. Waliwauliza watu wanaridhika kiasi gani na maisha yao. Siku za mvua, watu walisema wanaridhika kidogo kuliko waliopigiwa siku za jua, ingawa maisha ya mtu hayabadiliki kwa sababu ya wingu. Kilichonigusa ni sehemu ya pili. Mpigaji simu alipoanza kwa kuuliza hali ya hewa ikoje, tofauti ile ilitoweka. Ilitosha mtu akumbushwe kwamba kuna mvua nje, akaacha kuyabebesha maisha yake lawama ya mvua hiyo.

Kwa hiyo kazi yako katika hatua hii ni kujipigia simu hiyo. Uliza: kabla sijaanza kuwaza jambo hili leo, nilikuwa katika hali gani? Nimelala saa ngapi? Nimekula? Nimegombana na nani? Mwili unauma? Mwili ulioishiwa usingizi hutoa hisia zinazofanana kabisa na za mtu mwenye maisha mabaya, na ukiutazama kwa ndani huwezi kuona tofauti. Utaiona kwa kuuliza.

Kisha rudi nyuma zaidi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mshtuko huo si wa kijinga. Nyoka alikuwepo kweli, aliuma kweli. Ila leo ni unyasi. Mtu aliyewahi kudhulumiwa na mshirika wa biashara atahisi kitu kikimkaza kila mshirika mpya anapochelewa kujibu. Aliyelelewa nyumba yenye kelele atatetemeka sauti ya bosi ikipanda kidogo. Swali la kujiuliza ni fupi: hisia hii nimewahi kuipata lini mara ya kwanza, na mbele ya nani? Kama jibu linakuja na sura ya mtu ambaye hayumo kabisa katika jambo la leo, sehemu ya uzito ule ni yake, mrudishie.

Wakati mwingine utagundua kinyume: hisia imetoka papo hapo, kwenye jambo lenyewe. Umelala vizuri, umekula, hakuna mtu wa zamani anayefanana na huyu, na bado roho inasita kila anapoongea. Hisia ya namna hiyo ina haki ya kusikilizwa hadi mwisho.

Naongeza neno kwa walio katika msiba, waliotoka kuachwa, na wale ambao kwa wiki nyingi hawaoni raha katika chochote. Ukiwa huko, kila mlango unaonekana umefungwa. Ahirisha maamuzi makubwa kadiri unavyoweza, na zungumza na daktari au mtu unayemwamini. Hapo tatizo la kwanza la kushughulikiwa ni hali yenyewe.

Hatua ya 4: Sikiliza inatetea nini

Ukishaondoa yaliyotoka kwingine, kinachobaki ni habari. Antoine Bechara, Damasio na wenzao walibuni mchezo wa karata wenye mafungu manne. Mafungu mawili hutoa ushindi mkubwa lakini hasara kubwa zaidi, mawili hutoa ushindi mdogo na mwishowe faida. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1997, wachezaji wenye afya walianza kutoka jasho dogo viganjani kabla ya kugusa mafungu mabaya, hata kabla hawajaweza kueleza kwa maneno kwamba ni mabaya. Wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo kama ya Elliot hawakuonyesha dalili hiyo. Wengine kati yao walifika mahali pa kujua mafungu mabaya ni yapi, wakaendelea kuyachukua.

Kujua hakukutosha, kwa sababu hakukuwa na kitu ndani kilichosema “hili linauma”.

Ili uipate habari hiyo, jaza sentensi hii kwa kila hisia uliyoiandika: “Nina ___ kwa sababu ___ ni muhimu kwangu.” Hasira mara nyingi hutetea heshima au haki, na husuda hukuonyesha unachokitamani lakini hujakikiri. Mtu wetu aliandika: “Najilaumu kwa sababu kuwa karibu na mama katika miaka yake ya mwisho ni muhimu kwangu.” Mara tu sentensi ile ilipokaa kwenye karatasi, swali lilibadilika. Alikuwa akiuliza “niende au nisiende?” Sasa akawa na swali lenye mikono ya kushikika: inawezekana kwenda na bado kuwa karibu naye? Kwa kuhamia naye? Kwa kurudi kila baada ya muda fulani? Kwa kuomba kufanya sehemu ya kazi nikiwa nyumbani?

Hatua ya 5: Sasa ipe akili kazi

Akili haiwezi kukuambia umpende mama kiasi gani. Inachoweza ni kukagua mambo ya kweli, na hapo haina mbadala.

Anza na unachokipenda, kwa maana ukipenda chongo huita kengeza. Paul Slovic na wenzake waligundua kwamba tukipenda kitu, tunakiona kina faida nyingi na hatari chache kwa pamoja. Tukikichukia, kinyume chake. Katika maisha, vitu vyenye faida kubwa mara nyingi vina hatari kubwa pia. Orodhesha faida na hatari zake, na ukiona orodha yako haina doa hata moja upande unaoupenda, rudi ukaikague.

Pili, geuza maneno. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwaomba watu wachague namna ya kupambana na ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja liliambiwa: mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, wa pili una nafasi 1 kati ya 3 ya kuwaokoa wote 600, na 2 kati ya 3 ya kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 walichagua hakika. Kundi la pili lilipewa mipango ileile kwa maneno mengine: watu 400 watakufa kwa hakika, au nafasi 1 kati ya 3 kwamba hatakufa yeyote na 2 kati ya 3 kwamba watakufa wote. Safari hii asilimia 78 walichagua kubahatisha. Hesabu haikubadilika hata kidogo. Basi jambo lako liandike mara mbili, mara moja kwa lugha ya kupata, mara ya pili kwa lugha ya kupoteza. Ukiona jibu lako linageuka, ulikuwa ukijibu maneno.

Tatu, jifanye umeshashindwa. Gary Klein, mwanasaikolojia, anawashauri watu wafikirie kwamba mpango umeshatekelezwa na umeanguka vibaya, kisha waandike kwa nini umeanguka. Zoezi hili huruhusu wasiwasi useme mbele ya watu bila kuitwa uoga. Mtu wetu aliandika: “Mwaka mmoja umepita na nimerudi nyumbani. Kwa nini?” Jibu la kwanza lililomjia halikumhusu mama wala uwezo wake kazini. Lilikuwa kwamba hakuwahi kuuliza mkataba ni wa muda gani. Akauliza siku iliyofuata.

Hatua ya 6: Karatasi yenye safu mbili

Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa njia panda, akamweleza anavyofanya yeye: hugawa karatasi kwa mstari katikati, akaandika sababu za kukubali upande mmoja na za kukataa upande wa pili, kwa siku tatu au nne kadiri zinavyomjia. Kisha hutafuta sababu zenye uzito sawa pande zote mbili na kuzifuta. Sababu moja ikilingana na mbili za upande wa pili, hufuta zote tatu.

Wengi hukumbuka safu mbili na kusahau siku tatu au nne. Lakini siku hizo ndizo dawa, kwa kuwa kila siku unakuja na moyo tofauti, na sababu iliyofichwa na hali ya jana hujitokeza leo. Na usihesabu sababu, zipime. Sababu saba ndogo haziishindi moja kubwa, na anayejua ipi ni kubwa ni ile hisia uliyoisikiliza katika hatua ya 4.

Karatasi hii haifai kila mahali. Timothy Wilson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1993, waliwaacha wanafunzi wachague picha ya kubandika ukutani. Walioombwa kwanza waeleze sababu walichagua tofauti na wenzao, na wiki chache baadaye hawakuwa wameridhika kama waliochagua tu. Katika mambo ya ladha, sababu zilizo rahisi kutamkwa huwa si zile zinazokugusa kweli. Rangi, wimbo, zawadi: kipendacho roho, chukua.

Hatua ya 7: Pima machale yako

Klein anasimulia kuhusu kiongozi wa kikosi cha zimamoto aliyeingia na wenzake kwenye nyumba inayoungua upande wa jikoni. Walimwaga maji, moto haukushtuka. Palikuwa na joto kuliko inavyostahili na palikuwa kimya mno. Machale yakamcheza, akaamuru wote watoke. Muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama ikaanguka, kwani moto ulikuwa chini yao, katika chumba ambacho hakujua kuwa kipo. Mwenyewe aliamini ana kipaji kisicho cha kawaida. Klein aliona kitu kingine: miaka ya kuzima moto ilikuwa imemfundisha moto wa jikoni unavyopaswa kuwa, na huu haukuwa hivyo.

Mwaka 2009 Klein na Kahneman, waliokuwa wametofautiana kwa muda mrefu kuhusu jambo hili, waliandika pamoja na kukubaliana juu ya masharti mawili. Machale huaminika pale ambapo mambo yana mpangilio unaojirudia, na pale ambapo mtu amepata nafasi ndefu ya kujifunza mpangilio huo, akionyeshwa alipopatia na alipokosea. Muuguzi wa watoto wachanga anayesema “mtoto huyu hayuko sawa” kabla ya vipimo, msikilize. Mtu anayehisi moyoni kwamba bei ya hisa fulani itapanda wiki ijayo, hata kama amefanya kazi hiyo miaka ishirini, hana mpangilio wa kujifunza.

Kwako wewe, jiulize: jambo la namna hii nimelifanya mara ngapi, na matokeo yake niliyaona? Ndoa ya kwanza, kuhama kwa mara ya kwanza, kesi ya kwanza: hapo machale ni mageni. Tafuta waliokwisha kupita na uwaulize ilikuwaje kwao.

Hatua ya 8: Kata shauri na uliandike

Kama bado pande zinalingana, rusha sarafu. Usiifuate. Angalia tu, ikiwa bado hewani, unatamani iangukie wapi.

Kisha kata shauri na uandike mistari minne: tarehe, ulichoamua, hisia uliyokuwa nayo, na unachotarajia kitokee. Ifunge karatasi hiyo, uifungue baada ya miezi sita. Bila maandishi, kumbukumbu itakudanganya kwamba ulijua tangu mwanzo, na utakosa nafasi ya kujua ni hisia zako zipi husema kweli na zipi hutia chumvi.

Mtu wetu wa barua aliandika: “Nakwenda kwa mwaka mmoja. Nitarudi kumwona mama mwishoni mwa kila mwezi, na wamekubali kwa maandishi. Hofu bado ipo. Kujilaumu kumepungua. Natarajia miezi mitatu ya kwanza iwe migumu.” Akaweka tarehe, akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha ileile iliyoleta barua.